Sifuri ya Badana

Mbuzi walikuwa wawili, kama sheria ilivyotaka, na hao ndio waliomvuruga Wakesho Mwambingu.

Alikuwa ametua Badana asubuhi, na mpaka jua linapanda alikuwa hajapata kosa hata moja. Kaunti hii ya kaskazini, mawe meusi na upepo kila uendako, ilikuwa imeongoza kaunti zote katika jaribio la mwaka ule, la familia moja kuishi mwaka mzima bila msaada. Sanduku la vipimo alilolitundika begani lilikuwa likiwaka kijani kila alipoligeuza. Udongo, kijani. Maji, kijani. Umeme wa jua, kijani. Afya ya familia, kijani. Na pale chini kabisa, mahali alipozoea kukuta madudu, paliandikwa: msaada kutoka nje, sifuri.

Wakesho hakuiamini hiyo sifuri. Alikuwa amekagua kaunti nyingi kwa niaba ya Tume ya Makazi Huru, na kila mahali palikuwa na lake. Huku kisima kimetitia, huku nzige, kule mume kakimbia usiku akamwachia mke nyumba na wazimu. Watu hawaishi mwaka mzima jangwani bila kukwama. Basi aliingia zizini, si kwa kuwa kanuni zilimtaka, bali kwa kuwa alishachoka kutazama kijani.

Akamshika mbuzi wa kwanza kidevuni. Sikio la kushoto lilikuwa limepasuliwa nchani, mpasuo safi wa kisu uliopona zamani. Akamgeukia wa pili. Mpasuo uleule, sikio lilelile.

Mbuzi wa Tume hutoka shamba moja la serikali, na hakuna anayewakata masikio. Huwekewa chembe ya utambulisho chini ya ngozi ya shingo, na nyumba huwahesabu kwa chembe hiyo. Wakesho akapapasa shingo. Chembe haikuwa chini ya ngozi. Ilikuwa imeshonewa ndani ya kitambaa kilichofungwa kama tai.

Akasimama pale zizini, mkono ungali shingoni mwa mnyama, akahisi uchovu unampanda kutoka miguuni. Alikuwa ametafuta kosa tangu asubuhi. Sasa kwa kuwa amelipata, akatamani asingeingia zizini.

*

Makokha alikuwa fundi wa lifti kabla lifti hazijaanza kujitengeneza zenyewe. Baada ya hapo alikuwa mtu wa foleni, yeye na mkewe Nanjala, katika mabweni ya saruji yaliyojengwa kwa ajili ya watu ambao mji haukuwahitaji tena. Familia nane zilitumia choo kimoja. Walipochaguliwa kuwa familia ya mfano ya Badana, majirani zao wa bwenini waliwaimbia hadi kwenye ngazi.

Alimsikiliza Wakesho bila kumkatiza. Alipomaliza, akasema, "Madam, mbuzi ni mbuzi."

"Wale wa Tume wako wapi?"

"Si hao hapo?"

"Bwana Makokha, mimi si mtoto."

Nanjala alikuwa amekaa kwenye mkeka akinyonyesha. Nyumba ya aina hii iliitwa kiota, kuba jeupe lililovuta maji kutoka kwenye ukungu wa alfajiri, likapika kwa gesi ya kinyesi na kuwasha taa kwa jua. Kila kilichoingia na kilichotoka kilihesabiwa na kuta zenyewe. Ziliona, lakini kwa amri ya mahakama hazikuruhusiwa kusikiliza mazungumzo ya wenye nyumba. Kwa hiyo kilichosemwa hapo kilibaki hapo.

"Mtoto anaitwa nani?" Wakesho akamuuliza Nanjala, kwa kuwa mume alikuwa amekuwa jiwe.

"Talaso."

"Hilo si jina la Kibukusu."

"Tulilipenda tu," akasema Nanjala. Kisha akamtazama mumewe, akatazama chini, na Wakesho akajua kwamba huyu amechoka kusema uongo kuliko yeye alivyochoka kuusikiliza.

"Nanjala," mume akaonya.

"Ameshaona masikio, Baba Talaso. Unataka niseme mbuzi wamejikata?" Akamhamishia mtoto titi la pili. "Wale mbuzi wetu walikula kichaka cha sumu mwezi wa kwanza tu. Tukanyamaza. Halafu ile mashine ya ukungu ikajaa vumbi. Huyu ni fundi, aliifungua, akaisafisha, akaifunga, kesho yake imejaa tena. Hapa ukungu ni mdogo, madam. Ukungu upo, lakini umechanganyika na vumbi. Tangi likaanza kushuka kila siku."

"Tangi halijawahi kushuka chini ya nusu. Vipimo ninavyo hapa."

"Kwa sababu lilijazwa."

"Na nani?"

Nanjala akamfunika mtoto. "Na huyo mwenye jina."

Akaeleza, na Makokha akatoka nje ili asisikie. Siku ya kujifungua mtoto alikuwa amekaa vibaya. Sauti ya mkunga iliyowekwa ndani ya kiota ilimwambia apumue, ikamwambia tena apumue, mpaka akatamani kuipiga kwa kiatu. Ukutani kulikuwa na kitufe chekundu. Ukikibonyeza ndege inakuja, inakuchukua, na jaribio limekwisha, mnarudi bwenini mkiwa wa mwisho kwenye foleni. Makokha alikuwa ameweka kidole juu yake. Yeye Nanjala ndiye aliyemshika mkono.

"Nilimwambia afadhali nife hapa. Nikapiga ukelele, mmoja tu, si wa kumwita mtu. Kulikuwa na ngamia wanapita. Yule mama akaingia bila hodi, akanawa mikono, akapaka mafuta, akamgeuza mtoto tumboni kwa nje kama anayekanda unga. Toka siku hiyo wakatupa hao mbuzi, wakawa wanaleta maji. Mitungi miwili miwili, juu ya ngamia. Tunamimina tangini huko nje, ambako kuta hazioni, na nyumba inafikiri ni ukungu."

Wakesho akakaa chini mkekani bila kukaribishwa. "Na nguzo? Hakuna mtu anayevuka mpaka bila nguzo kupiga kelele."

"Nenda ukajionee," akasema Nanjala.

*

Talaso mwenyewe hakuwa na subira. Wakesho alimkuta upande wa pili wa mpaka, akiwapanga ngamia kwa fimbo na kwa maneno makali, mwanamke mrefu wa makamo aliyefunga leso mbili, moja juu ya nyingine. Akamtazama mgeni kuanzia viatu.

"Wewe ni wa serikali."

"Ni wa Tume."

"Ndiyo hao hao. Mwambie mume wa Nanjala anirudishie mtungi wangu. Alisema ataziba ufa, mpaka leo anauziba."

Kisha, kama vile Wakesho hakuwepo, akawaswaga ngamia kuvuka mstari. Nguzo za chuma zilikuwa zimepandwa kwa safu hadi macho yanapokoma. Kila moja ilikuwa na jicho la kusoma chembe iliyo chini ya ngozi ya kila raia. Talaso akapita katikati ya nguzo mbili, mkono wake umeshika mkia wa ngamia wa mwisho. Hakuna taa iliyowaka. Sanduku la Wakesho likanong'ona na kuandika: wanyama wanapita.

Akalitazama andiko hilo kwa muda. Akahesabu ngamia. Sanduku lilikuwa limehesabu kichwa kimoja zaidi.

"Mama, wewe huna chembe?"

"Walikuja kuandikisha watu wakati wa ukame. Sisi tulikuwa tumehamia mbali na maji machafu. Waliporudi wakasema hapa hakuna watu." Talaso akatema mate pembeni, si kwa hasira, bali kwa vumbi. "Basi ikawa hakuna watu. Ni vizuri pia. Hatulipi kitu na hatuzuiwi popote."

Wakesho alijua kilichokuwa kwenye ramani ya ofisini. Badana ikipita jaribio inatangazwa huru. Maana ya huru ni kwamba familia elfu arobaini zinapewa viota, mpaka unafungwa, na serikali inaondoa mkono wake. Hakutakuwa na barabara, hospitali wala chakula cha dharura. Kwenye ramani hiyo malisho ya Talaso yalikuwa yamekatwa vipande kama keki, kila kipande na namba yake.

"Wakija watu wengine kama Nanjala," akauliza, "elfu arobaini, mtawapelekea maji?"

Talaso akamtazama aone kama anataniwa. "Ngamia wangu ndio hawa unaowaona."

"Sasa kwa nini mlimsaidia huyu?"

"Alipiga kelele karibu na njia yangu. Ningefanyaje, nizibe masikio?" Akamgonga ngamia aliyekuwa akitafuna kamba. "Elfu arobaini siwezi. Elfu arobaini wakilia nitahama."

"Nikiandika kwamba mlileta maji, wataleta askari. Watawapa chembe kwa nguvu, na nguzo zitawazuia."

"Basi usiandike."

"Nisipoandika, watu watakuja na watakufa kiu."

"Basi andika," akasema Talaso, na sasa alikuwa amekasirika kweli. "Wewe ndiye uliyesoma. Umekuja kuniuliza mimi, mimi ambaye hamjui kama nipo? Niambie tu mapema, nijue pa kupeleka wanyama."

Akaenda zake na ngamia wake, akimwachia Wakesho vumbi na fedheha.

*

Bwana Riungu, mkuu wa ukaguzi, alisikika sikioni mwake kwa sauti ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu mwaka uanze.

"Nimeona vipimo. Hongera. Thibitisha, nikutumie ndege."

"Mkuu, ukungu wa Badana hautoshi. Mashine inajaa vumbi."

"Tangi limejaa mwaka mzima."

"Najua linavyoonekana."

"Basi unataka kusema nini?"

Wakesho akalitazama sanduku. Alikuwa amejaribu kabla ya kupiga simu. Alikuwa ameandika kwamba maji hayatoshi, na sanduku likakataa, likisema mkaguzi habatilishi kipimo bila ushahidi. Akajaribu sehemu ya msaada kutoka nje. Ikamtaka achague mleta msaada: gari, ndege, serikali au raia aliyesajiliwa. Hapakuwa na jingine. Alibonyeza na kubonyeza mpaka kidole kikauma, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyoihama mwenyewe.

"Nasema nina mashaka," akamwambia.

"Mashaka hayana sehemu ya kuandikwa. Nionyeshe chanzo kingine cha maji, nitasimamisha kila kitu leo hii. Kipo?"

Kukionyesha kulikuwa ni kumwonyesha Talaso na mitungi yake. Kulikuwa pia ni kumwonyesha Makokha aliyeshona chembe kwenye matambara, na kwa udanganyifu huo familia hufutwa kwenye foleni maisha.

"Wakesho," Riungu akasema, polepole sasa. "Watu wameshapewa tiketi. Wiki iliyopita mama mmoja bwenini aliniwekea mtoto wake mikononi na kuniambia nimpeleke Badana hata kama yeye atabaki. Ningemwambia nini, kwamba mkaguzi ana mashaka? Usiniletee mashaka. Niletee ushahidi au uthibitishe. Kuna njia ya tatu, jaribio liharibike, na namshukuru Mungu halijaharibika. Kwa hiyo usiwape hata njiti ya kiberiti. Unamkumbuka yule kijana aliyempa mtoto biskuti? Mwaka ukaanza upya wote, familia ileile, palepale. Naye sasa anauza vocha."

"Namkumbuka."

"Saa hii ni ya kuthibitisha tu. Nakusubiri."

Sauti ikakatika. Wakesho akabaki ameegemea ukuta wa kiota uliopata moto. Alikuwa na hasira na Riungu, na hasira hiyo haikupata pa kushika kwa sababu Riungu hakuwa mwongo. Alikuwa na hasira na Makokha kwa ufundi wake, na Nanjala kwa kuvumilia, hata na yule mama wa ngamia kwa kuwa na roho nzuri mahali ambapo roho mbaya ingempa yeye kazi rahisi. Kama wangeachwa wakwame, ukweli wa Badana ungejulikana mwezi wa pili. Wema ndio ulioharibu kipimo. Alilifikiria neno hilo na likamkera, na bado lilikuwa kweli.

*

Nanjala alikuwa ameweka sufuria ya kunde katikati ya mkeka. Makokha amerudi ndani, amekaa upande wa mlango.

"Umeamua?" akauliza.

"Kwanza nikuulize wewe," Wakesho akasema. "Ungeweza kuishi hapa bila wale watu?"

"Tumeishi."

"Bila wao."

Makokha akasugua viganja vyake. "Madam, mimi ni fundi. Ile mashine ya ukungu inaweza kutengenezwa. Nimefikiria chujio. Nikipata mwaka mwingine, nikipata vitambaa vya—" Akaacha. "Lakini si lazima ungoje chujio. Thibitisha. Watu wakija, mafundi watakuwa wengi. Tutasaidiana."

"Na maji ya kunywa mkingoja chujio?"

"Mungu yupo."

"Baba Talaso," Nanjala akasema, "Nasimiyu amepata tiketi."

Mumewe akageuka. "Nasimiyu gani?"

"Mdogo wangu, nani mwingine? Ilikuja kwenye ujumbe wa mwisho. Atapewa kiota kule bonde la chini, mbali na njia ya ngamia." Alikuwa akipakua kunde bila kumtazama mtu. "Naye ana mimba."

Mtoto akapiga chafya.

Wakesho akafungua mkoba wake. Ndani mlikuwa na chakula chake cha safari, viazi na yai, na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Akaitoa chumvi. Akajisogeza mpaka akawa katikati ya chumba, mbele ya jicho la ukuta, akanyoosha mkono kumwelekea Nanjala.

"Kanuni inasema jaribio huharibika mkaguzi akitoa na mwenye nyumba akapokea," akasema. "Hakuna anayeulizwa kitu zaidi. Hamtafutwa kwenye foleni. Hakuna atakayetafuta mitungi. Mtabaki hapa, na mwaka utaanza upya."

Makokha alikuwa ameshaelewa kabla hajamaliza. "Usipokee."

"Familia elfu arobaini zitasubiri mwaka mmoja zaidi mabwenini," Wakesho akaendelea, kwa kuwa hakutaka mtu aje aseme kwamba hakuambiwa. "Na wengine hawatafika mwisho wake. Hilo nalijua. Na mwaka ujao atakuja mkaguzi mwingine, mimi sitakuwepo. Akiwa hapendi mbuzi, atathibitisha."

"Mama Talaso, nimesema usipokee. Mwaka mzima sijamwona mama yangu. Tulisema tukimaliza tutakwenda kumwona. Ulisema wewe mwenyewe."

"Nilisema."

"Sasa?"

Nanjala akamtazama mumewe, na Wakesho akaona kwamba alikuwa akimwomba kitu, na kwamba mume alikijua na hakutaka kukitoa. Jasho lilianza kulowesha karatasi ya chumvi. Mkono uliokuwa umenyooshwa ulikuwa unauma begani.

Nanjala akafuta vidole kwenye leso, akapokea.

Taa za kuta zikageuka manjano. Sauti ile ile ya mkunga, laini, isiyojua lolote, ikatangaza kwamba jaribio la Badana limeharibika kwa mkono wa mkaguzi, na kwamba jaribio jipya limeanza. Sikioni mwa Wakesho Riungu akaita jina lake, akaita tena. Akakitoa kile kidude sikioni na kukiweka mkekani. Sauti ya Riungu iliendelea kidogo, ndogo kama ya nzi chini ya glasi, halafu ikakoma.

Nanjala akafungua karatasi, akatia chumvi kwenye kunde, akakoroga, akaonja. Akaongeza kidogo. Akamwekea Wakesho sahani, akamwekea mumewe. Makokha hakuigusa. Alisimama mlangoni akitazama mashine ya ukungu kule juu ya paa, mirija yake imepauka kwa vumbi. Wakesho alikula kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake. Zilikuwa kunde nzuri.

Baadaye, ndege ya kumchukua ilipoanza kusikika kwa mbali, Makokha akamsindikiza hadi kwenye uwanja wa mawe. Hakumbebea mkoba. Walisimama kila mtu na upande wake wa upepo.

"Madam," akasema hatimaye, "umetupa mwaka."

Wakesho akamgeukia. Neno lilikuwa moja, na lilibeba yote mawili, la kupewa na la kutupwa. Uso wa Makokha haukumwambia ni lipi. Ndege ilikuwa inashuka na mawe madogo yameanza kuwapiga miguuni. Alitaka kumuuliza, akaona hana haki ya kujua. Akainamisha kichwa, akapanda.